Ugaga wa Chini ya Fizi Haukwanguliwi kwa Kubahatisha

Wasomaji wetu walioko Marekani wanauliza: je, ni salama msaidizi wa daktari wa meno kutukwangua ugaga, kazi tuliyozoea kuiona ikifanywa na mtaalamu wa usafi wa kinywa mwenye leseni? Swali lina sababu. Tangu UVIKO-19 kliniki nyingi za huko zinahangaika kuwapata wataalamu hao, na baadhi ya madaktari wanataka majimbo yawape wasaidizi kazi hiyo. Kansas iliruhusu tangu 1998, lakini kwa ugaga ulio juu ya fizi tu.

Mpaka huo wa fizi ndio wenye uzito. Ukoga ukikaa kwenye jino, kalisi na fosfeti za mate huanza kuugandisha ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili hivi mswaki hauufanyi kitu. Huo ni ugaga wa juu, unaouona kwenye kioo. Wa chini madini yake hayatoki kwenye mate. Hutoka kwenye majimaji yanayochuruzika ndani ya fizi iliyovimba. Ni mweusi au wa kahawia, umeng'ang'ania mzizi, na mara nyingi hauonekani kwa macho. Anayeutoa hutegemea vidole vyake kuhisi chuma kinapokwama. Kati ya fizi na jino, kina cha kawaida ni milimita 1 hadi 3. Kikizidi hapo pana mfuko, na humo hustawi bakteria wasiotaka oksijeni kama Porphyromonas gingivalis. Kinga ya mwili inapopambana nao, mfupa unaoshika jino ndio unaolika, na haurudi wenyewe.

Sasa kwangua juu tu, uache wa chini. Ukingo wa fizi hunywea na kubana vizuri, mgonjwa hufurahi, kumbe mdomo wa mfuko umefungwa na usaha unaweza kukosa pa kutokea. Jipu la fizi huanza hivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: msaidizi aliyefunzwa na akasimamiwa akwangue juu, lakini baada ya mwenye leseni kupima mifuko yote. Katika majimbo mengi msaidizi anaweza kujifunzia kazini. Mtaalamu wa usafi kwa kawaida hupita chuo na mitihani ya leseni. Uhaba wa watu haufuti tofauti hiyo.

Na tafadhali, tuache kusema kwamba kusafisha kunalegeza meno. Meno yaliyolegea yalikwisha kupoteza mfupa. Ugaga ndio uliokuwa umeyashikanisha, ukitoka unaugundua ugonjwa uliokuwepo. Wanaouza unga wa mkaa na kuhubiri ndimu na magadi mitandaoni wanawaumiza watu. Asidi ya ndimu haichagui: ugaga ni kalisi na fosfeti, enameli nayo ni hivyo hivyo, na enameli ikiisha haioti tena. Vile vyuma vya kukwangulia nyumbani navyo huchana fizi na kukwaruza mzizi.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, tumia uzi wa meno, na usipuuze damu. Mwenye kisukari na mvuta sigara wapimwe mara nyingi zaidi. Ukiwa kwenye kiti, uliza nani amepima mifuko yako, ana leseni gani, na uombe usomewe namba za kila jino.