Je, Wajua? Kidonge na Funda Lake la Maji

Je, wajua kwamba wabunifu wa vifungashio wamehangaika miaka mingi kukiweka kidonge na maji ya kukimezea ndani ya chombo kimoja? Wapo waliofikiria chupa ya maji yenye kizibo cha chumba cha dawa. Wapo waliofikiria kikombe kilichozibwa, kidonge kikiwa kimebanwa juu ya mfuniko. Wengine wakaja na mfuko wenye vyumba viwili. Madukani, hata hivyo, vitu hivyo ni adimu. Simama kwenye duka la dawa pale Igowole, wilayani Mufindi, kwenye barabara ya kutoka Nyololo kwenda Kibao: utapewa vidonge kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3, na maji utajitafutia mwenyewe.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba maji ni adui wa kidonge. Nusa kopo la aspirini lililokaa wazi muda mrefu. Ukisikia harufu ya siki, ujue unyevu wa hewani umeshaanza kuivunja dawa, na hiyo siki ni asidi asetiki kweli, si pua yako inayokudanganya. Kama unyevu wa hewa tu unafanya hivyo, fikiria kidonge kilicholala miezi sita jirani na maji, kati yao kukiwa na ukuta mwembamba wa plastiki. Plastiki nyingi hupitisha mvuke polepole. Ndiyo maana vidonge vingi hufungwa kwa karatasi ya alumini.

Je, wajua kazi ya kile kifuko kidogo chenye punje na onyo la kutokula, kinachokaa ndani ya chupa nyingi za vidonge? Ni silika jeli, na kazi yake ni kunyonya unyevu. Nyanda za Juu Kusini chupa za vidonge ni sehemu ya maisha ya kila siku. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, kiwango cha VVU kwa watu wazima kilikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 4.4. Hao ni watu wengi sana wanaomeza kidonge kila siku ya Mungu. Kifuko kiache ndani, na vidonge usivihamishie kwenye kopo la peremende ili visipige kelele mfukoni.

Kikwazo cha pili ni uzito. Dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa kila mkupuo, mara sita ndani ya siku tatu. Mpe glasi ya mililita 200 kila mara, utapata lita moja na robo kasoro kidogo. Wagonjwa 100 ni kilo 120 za maji. Kuyabeba maji hayo kwa lori hadi Mufindi, mahali ambapo mvua ndiyo inayostawisha chai, ni kichekesho.

Lakini maji kuwepo mtoni si sawa na maji safi kuwepo kikombeni, mbele ya muuguzi, dakika ile ya kumeza. Mufindi yenyewe ni shahidi. Tanzania ilianza mwaka 2001 kuwapa wajawazito SP ya kuzuia malaria, vidonge vitatu kwa mkupuo, na utaratibu unataka mama avimeze palepale kliniki huku mhudumu akiona. Watafiti wakiongozwa na Godfrey Mubyazi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) waliifuatilia huduma hiyo katika wilaya mbili, Mkuranga mkoani Pwani na Mufindi mkoani Iringa. Miongoni mwa kero zilizojitokeza ilikuwa uhaba wa maji safi ya kumezea. Dawa ipo, mama yupo, muuguzi yupo, maji hayapo. Basi mama anapewa vidonge aende navyo nyumbani, na hapo hakuna tena wa kushuhudia kama vilimezwa au vilibaki kwenye pindo la kitenge. Mimi tuzo ya ubunifu ningempa anayehakikisha kliniki ina ndoo yenye koki na vikombe vya kutosha, kabla ya mwenye kizibo cha ajabu.

Je, wajua kwamba utaratibu wa kumeza dawa huku mtu akikutazama ulipata sifa ya dunia ukitokea Tanzania? Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na daktari Karel Styblo akausaidia kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wengi ikiwasimamia vizuri. Shirika la Afya Duniani likauchukua mfumo huo miaka ya 1990 na kuueneza kwa jina la DOTS. Kuanzia 2006 mgonjwa wa Tanzania akapewa hiari ya kumezea nyumbani, akisimamiwa na ndugu au jirani anayemchagua mwenyewe. Huko angalau kikombe ni chake.

Chanjo ya kipindupindu ilikuja na kinywaji chake. Mwanzoni mwa 2009 Zanzibar ilitoa chanjo ya Dukoral kwa jamii kadhaa za Unguja na Pemba, na watu karibu 24,000 wakapata dozi zote mbili. Kila kichupa kilikuwa na pakiti ya unga wa kupunguza makali ya asidi ya tumbo. Unauyeyusha kwenye mililita 150 za maji, unachanganya na chanjo, unakunywa. Umeona tatizo? Ugonjwa unaoenezwa na maji machafu, na kinga yake inadai maji safi kwa kila kichwa. Chanjo zilizofuata, kama Euvichol-Plus, ziliachana na mambo hayo: kijibomba laini cha plastiki chenye mililita 1.5, unakamulia mdomoni, basi.

Vuka Tunduma uingie Zambia. Huko ndiko Simon na Jane Berry wa shirika la ColaLife walikojaribu Kit Yamoyo kuanzia 2012. Wazo la mwanzo lilikuwa kupenyeza kifurushi cha dawa ya kuharisha katikati ya chupa kwenye kreti za Coca-Cola, kwa hoja kwamba soda inafika kila kijiji. Kifurushi kikachongwa kikae sawasawa kati ya shingo za chupa. Mwaka 2013 kikapata tuzo ya Design Museum ya London kwa upande wa bidhaa. Cha kufurahisha ni kwamba kreti hazikuwa na umuhimu uliodhaniwa: vifurushi vichache tu vilisafiri humo, na wenye maduka wakavibeba kama wanavyobeba sabuni na chumvi. Kilichobaki na maana ni chombo chenyewe. Ukimaliza kutoa vilivyomo, kifungashio kinageuka kikombe cha kupimia mililita 200, kiasi kilekile kinachotakiwa kwa pakiti moja ndogo ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, iliyomo ndani. Maji hayakusafirishwa, ila kipimo chake kilisafirishwa.

Je, wajua kwamba pakiti ya kawaida ya ORS inataka lita moja kamili? Kwenye nyumba isiyo na chombo cha lita, chupa mbili za bia za mililita 500, zilizooshwa vizuri, zinatosha kupimia. Yakizidi maji, dawa inapungua nguvu. Yakipungua, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Zinki inayoandamana na ORS haihitaji hata glasi. Kidonge cha miligramu 20 unakiweka kwenye kijiko, unadondoshea maji kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, unasubiri kilainike, unampa mtoto. Mwenye chini ya miezi sita anapata nusu kidonge, na dozi inaendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza ORS na zinki zikiwa kwenye kifurushi kimoja katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hapo ndipo ninapoona ushindi wenyewe ulipo. Badala ya kukiletea kidonge maji mengi, wataalamu wamekifundisha kidonge kuridhika na kijiko kimoja. Zamani mama aliyepewa dawa mseto ya mtoto aliisaga kati ya vijiko viwili, akachanganya na maji, nusu ikabaki kijikoni na nusu ikatemwa kwa uchungu wake. Jaribio lililofanyika nchi tano za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, kwa watoto 899, lililinganisha vidonge vilivyosagwa na vidonge vinavyoyeyuka vyenye ladha ya cheri. Matokeo yalichapishwa 2008, mwandishi wa kwanza akiwa Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara, nayo yalionyesha kwamba vya kuyeyuka vinaponya vilevile. Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kusambaza kitaifa vidonge vya aina hiyo vya kifua kikuu kwa watoto, mwaka 2016. Mwaka 2021 ikafuata dolutegravir ya watoto wenye VVU, miligramu 10, ladha ya stroberi, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipata.

Kwa watoto wachanga kuna kipakiti kinachofanana na kile cha tomato sosi ya kwenye chipsi. Kilibuniwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, chini ya Robert Malkin, na kinaitwa Pratt Pouch. Ndani yake ni dozi moja ya nevirapine ya maji, dawa ya kumkinga mtoto asipate VVU vya mama, iliyokwisha kupimwa. Mama aliyejifungulia nyumbani anachana, anamkamulia mtoto mdomoni. Kimetumika Uganda na Ecuador, na dawa hudumu humo kwa miezi badala ya wiki chache.

Je, wajua kwa nini amoxicillin ya watoto huuzwa ikiwa unga? Ikishakuwa ya maji haina maisha marefu: dawa nyingi za aina hiyo hudumu siku 7, au hadi 14 kwenye friji. Chupa yenyewe ndiyo kipimo. Gonga kitako chake kiganjani ili unga uachie, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi karibu na mstari, funga, tikisa mpaka mabonge yaishe, acha povu litulie, kisha ongeza maji hadi yaguse mstari. Wengi huacha hatua ya mwisho. Povu linadanganya, maji yanakuwa pungufu, na kila kijiko kinabeba dawa kupita kiasi.



Chai na vidonge vya kuongeza damu (FEFO) havipatani. Tanini za chai hushikana na madini ya chuma tumboni na mwili unaambulia kidogo. Mufindi, Julai, baridi inauma na birika liko jikoni tangu alfajiri. Mjamzito anameza FEFO yake na kikombe cha chai ya moto kutoka mashamba anayoyaona dirishani. Ameze kwa maji, chai aisogeze mbele saa moja au mbili. Maziwa nayo huiponza doxycycline na ciprofloxacin, ingawa yanaisaidia dawa mseto, kwa sababu lumefantrine iliyomo ndani yake hufyonzwa vizuri zaidi ikikutana na mafuta.

Doxycycline ina ugomvi mwingine: ikikwama kwenye umio inaunguza. Glasi nzima ya maji, ukiwa umeketi wima au umesimama, na usilale mara baada ya kumeza.

Je, wajua kwamba kuna kanuni ya shingo? Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha mwaka 2014 majaribio ya mbinu mbili kwa watu 151. Kidonge kigumu: kiweke ulimini, bana midomo kwenye mdomo wa chupa laini ya plastiki, nyonya maji na umeze bila kuruhusu hewa iingie. Kapsuli: weka ulimini, piga funda la maji, kisha inamisha kidevu kuelekea kifuani ndipo umeze. Kapsuli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiinama inaelea kuelekea kooni. Kutupa kichwa nyuma, kama wengi wetu tulivyofundishwa utotoni, kunaipeleka mbele kwenye meno. Mbinu ya kuinama iliwasaidia karibu watu tisa kati ya kumi.

Kule Japani wazee humeza dawa kwa jeli laini ya kampuni ya Ryukakusan, inayouzwa kwenye mfuko wa kukamua.

Na ulanzi, pombe ya mwanzi? Maelezo ya metronidazole, ile Flagyl, yanakataza pombe wakati wote wa dozi na siku mbili hivi baada yake. Ulanzi mtogwa, ule mpya ulio mtamu, nao haujitoi kwenye katazo hilo: utomvu wa mwanzi huanza kuchacha ukiwa bado kwenye chombo cha mgemaji, na jioni yake umeshakuwa pombe.