Diwani ya Nyimbo Zilizokwishasikika

Kuna wenzetu wanaodai ati albamu ya mkusanyiko ni biashara tu, haina fani ya kuhakikiwa. Mimi nakataa. Chukua Greatest Hits ya Queen, kundi la roki la Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Ilitoka Uingereza mwaka 1981, nyimbo 17, zote zilikwishatoka kabla. Jipya ni nini basi? Mpangilio. Katika A Night at the Opera (1975), "Bohemian Rhapsody" umewekwa karibu na mwisho, msikilizaji ameshaandaliwa. Hapa ndio unaofungua mlango: kijana anaungama mauaji nasi hata hatujakaa vizuri! "We Will Rock You" na "We Are the Champions" zilifungua News of the World mwaka 1977, hapa zinafunga. Lililokuwa tambo la kuingilia ulingoni limegeuka kauli ya aliyekwishashinda. Maneno ni yaleyale, maana imehama. Toleo la Marekani la mwaka huohuo, bwana, lilianza na "Another One Bites the Dust". Wahadhiri wetu wanaotufundisha diwani shairi mojamoja, bila kugusa mfuatano wake, naomba wanijibu: hapo mtunzi nani?