Fahamu: Abies, mti wa Krismasi wa Ulaya

Kila Desemba picha zake hujaa mitandaoni, na wengi huuita msonobari. Sivyo. Abies ni jenasi ya spishi zipatazo 50 za kaskazini mwa dunia.

Utaujuaje?

Sindano za msonobari hutoka kwa vishada. Za Abies moja moja, bapa. Ng'oa moja, itaacha kovu laini la mviringo. Koni husimama wima kama mishumaa na kupukutika zikiwa mtini. Ukiokota koni nzima chini, si yake.

Spishi

Inayopendwa sana Ulaya ni Abies nordmanniana ya milima ya Kaukazi. Mbegu nyingi huchumwa Georgia, miti hukuzwa Denmark.

Afrika je?

Kiasili ipo Moroko na Algeria tu. Mkrismasi wa Dar es Salaam, ule wa maua mekundu, hauna undugu nayo.