Tiketi ya Mitambo ya Kale: Unalipia Nini Hasa?

Miongoni mwa matembezi ya siku moja yanayotangazwa mijini ni yale ya kwenda kutazama magarimoshi ya mvuke na ndege za zamani. Ni burudani ya heshima, na watu hupenda kwenda wawili wawili, kwa kuwa mpenzi wa mitambo aghalabu humkokota rafiki asiye mpenzi. Hata hivyo, tangazo la safari ya namna hii hutofautiana na tangazo la sinema au la hoteli kwa jambo moja: kilichomo katika picha huenda kimesimama pale pale kwa miaka mingi, na moshi unaouona ni wa zamani. Kabla ya kulipa, yafaa mtumiaji ajue kama anaalikwa kutazama mtambo au kupanda mtambo unaotembea.

Mfano ulio karibu nasi ni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 si mbali na stesheni ya reli ya kale jijini. Ujenzi wa reli hiyo ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ukafika ufuoni mwa ziwa, Kisumu, mwaka 1901. Katika makumbusho hayo limehifadhiwa behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, aliuawa na simba usiku katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Walikuwa watu watatu ndani ya behewa wakimvizia simba huyo, naye Ryall, aliyekuwa zamu, akapitiwa na usingizi. Kisa hiki husimuliwa vizuri zaidi ukiwa umesimama kando ya behewa lenyewe, tena mchana.

Nje, uwanjani, ndiko wapenzi wa mitambo wanakokaa muda mrefu. Injini nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, ina uzito unaozidi tani 250. Ni mojawapo ya injini 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mlima Gelai wenyewe uko kaskazini mwa Tanzania. Umbo la injini hizi ni la ajabu kwa jicho lisilozoea: boila kubwa imening'inizwa katikati, na magurudumu yamegawanywa makundi mawili, moja mbele na jingine nyuma, kila kundi na silinda zake. Kwa ujenzi huo injini ndefu mno iliweza kupinda kwenye kona za reli nyembamba, na uzito wake ukasambaa juu ya magurudumu mengi badala ya kulemea sehemu moja ya njia.

Mnamo 2001 Mount Gelai ilikarabatiwa ikarudi kutembea, ikavuta treni za matembezi. Hapa ndipo mtumiaji anapopaswa kuwa macho. Picha za safari hizo ni za kweli, lakini injini iliyotembea mwaka fulani si lazima itembee Jumamosi ijayo. Boila ni chombo kinachobeba maji na mvuke kwa shinikizo kubwa. Mirija yake hushika magadi, mabati yake huliwa na kutu, na hitilafu ndogo inaweza kuua watu. Nchini Uingereza, ambako reli nyingi za kale huendeshwa na watu wa kujitolea, ni desturi boila kufunguliwa na kukarabatiwa kikamilifu takriban kila baada ya miaka 10, na injini inaweza kukaa karakana kwa miaka kadhaa ikingoja fedha na mafundi. Kwa hiyo injini kusimama baridi si udanganyifu wala uzembe. Udanganyifu ni kuuza tiketi kwa picha ya moshi bila kusema kwamba injini hiyo haitawashwa.

Kuna dai jingine ambalo mtumiaji anaweza kulipima mwenyewe bila kumuuliza mtaalamu. Reli ya kale ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina upana wa mita 1.435. Magurudumu ya injini za makumbusho hayawezi kukaa juu ya reli hiyo pana. Ukikuta tangazo linaloahidi kukuvusha Tsavo kwa injini ya mvuke juu ya reli mpya, huna haja ya kusoma masharti yake.

Tuseme sasa wewe na rafiki yako mmeona tangazo la "Siku ya Mvuke na Ndege", bei moja kwa kila mtu, usafiri, chakula na viingilio ndani yake. Swali la kwanza si kama bei ni kubwa au ndogo. Ulizeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: injini gani itawashwa siku hiyo, itavuta behewa au itasimama, na je, ikishindwa kuwashwa mtarudishiwa sehemu gani ya fedha? Mwandalizi mwaminifu hujibu upesi, kwa sababu ameshaulizwa hayo na fundi wake. Asiyetaka kuandika jibu amekwisha kujibu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili zinazokubalika, hufasiriwa kwa manufaa ya mtumiaji. Basi maneno kama "safari ya mvuke" yakiwa yameandikwa kwenye tiketi yako, yahifadhi.

Mabadiliko ya dakika za mwisho hayakwepeki kabisa, na haki inataka tuyatenganishe na hila. Katika reli za kale za Uingereza, kiangazi kikiwa kikavu mno, injini ya makaa huwekwa kando na treni huvutwa na injini ya dizeli, kwa kuwa cheche zinaweza kuwasha nyasi kandokando ya njia. Uamuzi huo ni wa busara. Kinachohitajika ni abiria kuelezwa mapema kwamba jambo hilo laweza kutokea, ili achague mwenyewe kwenda au kungoja siku nyingine.

Kwa upande wa ndege, hali ya hewa hutawala zaidi. Mkusanyo wa Shuttleworth, huko Old Warden nchini Uingereza, una ndege aina ya Blériot iliyoundwa mwaka 1909 ambayo bado huweza kuruka, ila ni kwa miruko mifupi tu, tena upepo ukiwa umetulia. Anayesafiri mbali kwa ajili ya ndege moja ya aina hii ajue kwamba upepo wa wastani unatosha kuiweka ndani siku nzima.

Jambo ni zito zaidi pale unapoalikwa kupanda. Uingereza huruhusu baadhi ya ndege za kale kubeba abiria kwa malipo, kwa sharti kwamba abiria aelezwe waziwazi, kabla ya kuruka, kuwa ndege hiyo haijafikia viwango vya ndege ya kawaida ya abiria, naye akubali kwa saini yake. Sisi tunaona utaratibu huo ni wa kuigwa. Nchini Kenya, anayebeba abiria kwa malipo sharti awe na cheti kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Ukipewa karatasi ya kutia saini isemayo kwamba hutadai chochote kwa lolote litakalotokea, isome yote bila haraka. Haki zilizomo katika Sheria ya mwaka 2012 hazifutwi na makubaliano ya namna hiyo.

Yako pia mambo madogo ambayo huharibu siku ya marafiki. Makumbusho mengi nchini hutoza raia, mkazi na mgeni bei tofauti. Kama rafiki yako ametoka Kampala au Arusha, ulizeni mapema yeye ataingia kwa bei ipi, na kila mmoja abebe kitambulisho. Mmoja akilipa kwa niaba ya wawili, alipe kwa nambari ya biashara inayoonyesha jina la mwandalizi, si kwa simu ya mtu binafsi, na risiti iandikwe majina yote mawili. Bila hivyo, yule ambaye jina lake halimo atapata taabu kuthibitisha kwamba naye aliuziwa huduma.

Safari isipolingana na tangazo, mwandikie mwandalizi kwanza, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na ahadi iliyovunjwa, kisha umpe muda wa kujibu. Asipojibu, leta malalamiko katika ofisi yetu pamoja na nakala ya tangazo, ujumbe wa malipo na picha mlizopiga siku hiyo. Unaweza pia kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambako unaruhusiwa kujieleza mwenyewe bila wakili. Picha ya injini iliyosimama baridi, ikiwa na tarehe, ni ushahidi mzuri. Ipigeni kabla ya kuondoka uwanjani.