Ritifaa ya Ng' baina ya Itifaki za Intaneti na Maandishi Halisi

Kijiji cha Mwamgongo kipo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Maneno mawili ya sentensi hiyo, Mwamgongo na ng'ambo, yanatosha kuonyesha tatizo. Katika jina la kijiji, ng ni nazali inayofuatwa na kipasuo. Katika ng'ambo kipasuo hakipo, na kinachomjulisha msomaji hivyo ni ritifaa pekee. Ritifaa hiyo ni sehemu ya herufi, wala si alama ya kituo. Kung'oa ni kuchomoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu au tamaa.

Kwa kuwa alfabeti ya Kiswahili haina viambishi vya juu wala vya chini ya herufi, hudhaniwa kuwa haisumbui kompyuta. Ni kweli kwamba ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali la ASCII, nafasi ya 39. Lakini programu za kuchapia huigeuza zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo katika jedwali la Windows-1252 imo nafasi ya 146. Waraka RFC 2616 wa mwaka 1999, uliofafanua itifaki ya HTTP, uliagiza kwamba matini isiyotajiwa usimbaji wake ichukuliwe kuwa ya ISO-8859-1; na humo nafasi za 128 hadi 159 ni za amri za udhibiti, zisizo na umbo la kuonekana. Kwa mujibu wa waraka, basi, ng'ambo ingesomeka ngambo. Vivinjari havikutii. Vilisoma kwa Windows-1252, na hatimaye sheria ikayafuata matumizi: RFC 7231 ya mwaka 2014 iliondoa agizo hilo, na kanuni za HTML zikataka lebo ya ISO-8859-1 isomwe kama Windows-1252. Mwanaisimu aliyezoea kuona sarufi elekezi zikisalimu amri mbele ya wasemaji hatashangaa.

UTF-8 nayo huiandika ritifaa iliyopinda kwa baiti tatu, 226, 128 na 153. Zikisomwa kwa jedwali la zamani hutokea ng’ambo. Kosa hilo angalau huonekana.

Lisiloonekana ni zito zaidi. Unicode ina U+0027 na U+2019, zote zikihesabiwa kuwa alama za uakifishaji, na U+02BC, iliyoainishwa kuwa herufi. Kwa jicho hazitofautiani sana. Kwa mashine ni maneno matatu. Tena, programu inayokata matini penye alama za uakifishaji hulivunja "aling'oa" kuwa "aling" na "oa". Mkulima aling'oa muhogo, kongoo ikahesabu ndoa.

Kiisimu, U+02BC ndiyo sahihi, ila kibodi za kawaida hazina kitufe chake. Kwa hiyo mtayarishaji wa kongoo hana budi kuchagua alama moja, kwa kawaida ile iliyonyooka, na kuzigeuza nyingine zote kabla ya kuhesabu neno la kwanza.