Kipupwe Pwani: Baridi Yetu Ni Tamu, Lakini Kuna Msee Anailipia

Msee wa Nairobi akiskia Malindi kuna baridi, anacheka. Acha acheke. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini na usiku joto linashuka hadi nyuzi 22 hivi. Kama umezoea kulala na feni usiku kucha, hiyo ni baridi ya sweta.

Raha yake? Feni unazima, shuka unavuta hadi kichwani. Asubuhi ni mahamri moto kwa mbaazi za nazi. Jioni ni kahawa ya tangawizi barazani, na stori haziishi. Ukifika Watamu kati ya Julai na Septemba, unaweza bahatika kuona nyangumi waliotoka upande wa Antaktika kuja kuzalia maji ya joto.

Lakini kusi hiyo hiyo inachafua bahari. Mvuvi wa mtumbwi hathubutu kuvuka mwamba, so anashinda ufuoni akishona nyavu. Samaki wanaadimika, bei inapanda, na kwake doh haiingii. Ukimpata hapo barazani, kahawa yake lipa wewe. Kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka, atakukumbuka na changu mmoja fresh.