Edinburgh: Siku tatu katika mji wa mizani na forodha

WAGENI wengi wanaokwenda kutembelea milima na maziwa ya Uskoti hufika Edinburgh jioni, hulala usiku mmoja na kupanda basi la watalii alfajiri. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni hasara. Akitenga siku tatu kabla ya ziara, ataona katika mji huu wa mawe historia ya mambo anayokutana nayo mpakani kila wiki: mizani, forodha na fedha.

Siku ya kwanza itoshe kwa Royal Mile, barabara kongwe inayoshuka kutoka ngome iliyo juu ya mwamba hadi kasri la Holyrood. Urefu wake haufiki kilomita mbili, lakini viatu viwe imara, maana chini ni mawe na mvua ya huko haina msimu. Kando ya kanisa la St Giles ipo Mercat Cross, nguzo ya sokoni ambapo matangazo ya serikali yalisomwa mbele ya umma. Chini kidogo lipo kanisa la zamani la Tron, ambalo jina lake limetokana na mizani ya umma iliyokuwa hapo.

Saa saba kamili mchana, mzinga hulia ngomeni. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861 ili mabaharia wa bandari ya Leith warekebishe saa zao. Jumapili mzinga haulii.

Siku ya pili ni ya Adam Smith, aliyezikwa katika makaburi ya Canongate, kwenye barabara hiyo hiyo. Kitabu chake cha mwaka 1776 kilitetea biashara huria, lakini miaka miwili baadaye akawa kamishna wa forodha papo hapo Edinburgh. Alipoisoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, aligundua kuwa nguo zake nyingi zilikuwa ndani yake, akazichoma moto. Yeyote aliyewahi kuzuiliwa mzigo kwa sababu ya orodha asiyoijua atamwelewa.

Siku ya tatu ni ya Bunge, mwisho wa barabara, ambako kuingia ni bure. Mwishoni mwa karne ya 17, Waskoti walitia akiba zao katika mradi wa koloni la Darien, Panama, wakapoteza karibu kila kitu. Mwaka 1707 nchi yao iliungana na England: soko moja, sarafu moja, vipimo vya aina moja. England ililipa zaidi ya pauni 398,000, na sehemu ya fedha hizo ikawafidia wenye hisa wa Darien. Lakini Bunge la Edinburgh lilifungwa, na wananchi waliofanya ghasia mitaani hawakusikilizwa. Lilirejea mwaka 1999.

Soko hilo liliwatajirisha wengi, hasa wafanyabiashara wa tumbaku wa Glasgow. Hata hivyo, zaidi ya miaka 300 baadaye, benki tatu za Uskoti bado zinatoa noti zake zenyewe. Thamani ni pauni ile ile, lakini mwenye duka London anaweza kuigeuza noti hiyo mara mbili, kisha akaikataa. Wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiendelea kupanga sarafu yake, mfanyabiashara wa Busia au Namanga atatambua jambo hilo haraka: mkataba husainiwa siku moja, lakini imani ya mtu wa kaunta huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo, anayerudi kupitia London abadilishe noti zake za Uskoti benki kabla ya kuondoka. Viza ya Uingereza nayo, kwa wenye pasipoti za Kenya, Uganda na Tanzania, iombwe mapema. Yakikamilika hayo, asubuhi ya nne basi la milimani linaweza kuondoka.